Jina Juu ya Jiwe: Lugha ya Minara ya Vita, kutoka Lugalo hadi Gusii

Birongo ni wadi mojawapo ya Nyaribari Chache katika Kaunti ya Kisii. Huko, kama ilivyo kote Gusii, marehemu huzikwa nyumbani kwake, katika ardhi ya ukoo wake, na kaburi lake, ambalo kwa Ekegusii huitwa embera, tangu zamani halikuhitaji maandishi yoyote. Wanaolipita kila siku wanamjua aliyelala humo, wanamjua baba yake, na aghalabu mjukuu mmojawapo huitwa kwa jina lake. Hali hubadilika pale marehemu anapokuwa kamanda wa jeshi aliyefia kazini katika nchi ya mbali. Hapo jiwe hutakiwa liseme, kwa kuwa wasomaji wake si jamaa peke yao. Watakuja maafisa kutoka Nairobi, watakuja watoto wa shule waliozaliwa baada ya kifo chake, na watapita wasafiri wasioujua ukoo huo. Kwa hiyo hapana budi iamuliwe jiwe litasema kwa lugha gani, litamtaja nani, na kifo chenyewe litakiita nini.

Maamuzi hayo matatu ni ya lugha kabla hayajawa ya uashi, ingawa kwa kawaida huachiwa mchonga mawe na kamati ya mazishi, tena katika siku za mwisho ambapo kila mtu ana haraka. Makala haya yanakusudia kuyachunguza kwa kuangalia baadhi ya minara ya vita ya Afrika Mashariki, kuanzia Lugalo katika nchi ya Wahehe, na hatimaye kurejea Gusii. Hoja inayojengwa ni kwamba karibu kila mnara wa vita huahidi jambo moja, yaani kuhifadhi jina. Lakini mara nyingi jiwe limehifadhi jina la kamanda kwa lugha isiyosomwa na majirani wa jiwe hilo, ilhali mengi yaliyoachwa nje ya jiwe yamehifadhiwa na Kiswahili cha kila siku, bila ya mtu yeyote kukiagiza kifanye hivyo.

Mnara wa Lugalo, ambao haupo mbali na mji wa Iringa kwa upande wa mashariki, ulijengwa na Wajerumani kwa heshima ya Emil von Zelewski na wenzake. Zelewski alizaliwa Prussia mwaka 1854. Mwaka 1888 alikuwa wakala wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki huko Pangani, wakati kampuni hiyo ilipokuwa ikichukua utawala wa pwani kwa mkataba na Sultani Khalifa wa Zanzibar. Ubabe wake katika suala la bendera, na jinsi alivyomdharau liwali na wakuu wa mji, ni miongoni mwa mambo yaliyowasha vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Zelewski akapanda cheo, na mwaka 1891, jeshi la kikoloni la Kijerumani lilipoundwa rasmi, yeye ndiye aliyekabidhiwa uongozi wake.

Mwezi Julai mwaka huo aliondoka Kilwa kwenda Uhehe akiwa na Wazungu wachache, askari wapatao 320, wapagazi wapatao 170, mizinga na bombomu. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891 msafara wake, ukiwa umejipanga katika mstari mrefu penye vichaka na mawe, ulivamiwa na jeshi la Mkwawa pale Lugalo. Silaha kubwa ya Wahehe ilikuwa mkuki. Mapigano yalikuwa mafupi mno, na askari wengi hawakupata hata nafasi ya kupakia risasi. Zelewski aliuawa pamoja na Wajerumani wengine tisa. Askari waliokufa walizidi 200, na wapagazi walikuwa karibu 100. Wahehe walitwaa bunduki zipatazo 300 pamoja na mizinga. Nao pia walipoteza watu wengi, wengine siku ile na wengine baadaye kwa majeraha, na inasimuliwa kwamba Mkwawa alikataza maombolezo ili ukubwa wa hasara usijulikane.

Sentensi zilizotangulia zina jambo ambalo msomaji wa historia hii hulizoea hadi halioni tena. Wajerumani kumi wanaweza kutajwa mmoja mmoja, kwa cheo na jina la ukoo, na ndivyo vitabu vinavyowataja. Askari na wapagazi hutajwa kwa makadirio: zaidi ya, wapatao, karibu. Lugha yenyewe ya kuhesabu imekwisha kuwagawa wafu wa siku moja na wa kambi moja katika makundi mawili, wenye majina na wenye idadi. Hata hivyo, kama kigezo cha mnara ni kufia kazini katika nchi ya mbali, askari hao walistahili kama kamanda wao. Wengi wao walikuwa Wasudani walioandikishwa Kairo mwaka 1889 na Hermann von Wissmann, na wengine waliitwa Wazulu, ambao walichukuliwa kutoka sehemu za kusini za Msumbiji. Kutoka mto Naili hadi Lugalo si karibu. Mama wa askari wa Kisudani aliyekufa pale alikuwa na sababu kama ya mama wa Zelewski ya kutaka kujua mwanawe amelala wapi.

Wasudani hao hawakuachiwa jiwe, lakini waliacha maneno. Vyeo vya jeshi lile vilikuwa vile vya jeshi la Misri, ambavyo asili yake ni Kituruki: ombasha, shaushi, bashaushi, soli, na juu yao efendi. Mengi ya maneno hayo yamekufa pamoja na jeshi hilo, na leo hupatikana katika kamusi za zamani na katika masimulizi ya wazee tu. Efendi peke yake ndilo lililoishi. Lilipita katika vinywa vya askari wa Kijerumani na wa King's African Rifles, sauti zake zikalainishwa, na leo ndilo afande, neno ambalo kila askari wa Kenya, Tanzania na Uganda hulitamka mara nyingi kwa siku anapomwitikia mkubwa wake. Hivyo neno ambalo kamanda wa leo huitwa kwalo liliingizwa na watu wale wale ambao makamanda wao walikumbukwa kwa majina nao wakakumbukwa kwa idadi. Hakuna mnara ulioweza kufanya kazi hiyo, na kwa hakika hakuna aliyekusudia ifanyike.

Kwa upande wa Zelewski mwenyewe, Kiswahili kilimwandikia jiwe lake la pekee. Aliitwa Nyundo. Neno hili ni la Kibantu cha kale na linapatikana, kwa mabadiliko madogo ya sauti, katika lugha nyingi za bara, kwa hiyo lilieleweka Pangani na lilieleweka safarini. Lakabu ya namna hii huwa ni hukumu fupi kuliko kuwa ni jina: yule aliye kazi yake kugonga. Wajerumani waliposoma maandishi ya mnara waliliona jina tukufu la ukoo wa Prussia. Wenyeji walipopasimulia pale walilitaja jina la chombo cha mhunzi. Mambo mawili hayo ni kumbukumbu za mtu mmoja, na yafaa ikubaliwe kuwa lakabu ndiyo iliyosema zaidi juu ya utumishi wake.

Nyundo hakuwa peke yake. Tom von Prince, ambaye baadaye ndiye aliyepigana na Mkwawa katika miaka ya 1890, aliitwa Bwana Sakarani, yaani mlevi, na inasemekana ulevi uliokusudiwa ulikuwa wa vita. Yeye pia alifia vitani, katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, akiwa ameacha shamba lake Usambara na kurudi jeshini. Shamba hilo karibu na Soni lilichukua lakabu ya mwenyewe, na mahali hapo panaitwa Sakharani hadi leo. Wengi wanaopataja hawamjui von Prince. Jina limebaki, mwenye jina ametoweka, na huenda huo ndio mwisho wa kawaida wa ukumbusho wowote unaotegemea sauti peke yake bila ya maandishi. Ni haki kulikiri jambo hili, maana wataalamu wa fasihi simulizi wana desturi ya kuyasifu masimulizi kana kwamba hayasahau.

Jina la Lugalo nalo lina historia inayostahili kusimuliwa kwa utaratibu, kwani linaonyesha jinsi mahali alipofia kamanda panavyoweza kubadilisha maana bila ya jiwe kuguswa. Kwa Wajerumani Lugalo palikuwa mahali pa msiba. Kwa Wahehe palikuwa mahali pa ushindi, hata baada ya ngome ya Kalenga kuanguka mwaka 1894 na Mkwawa kujiua mwaka 1898 kuliko kukamatwa. Sasa, kambi kubwa ya jeshi iliyo nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam iliitwa Colito zama za Waingereza. Colito ni mahali katika Ethiopia ambapo mwezi Mei 1941 kikosi cha King's African Rifles chenye askari wa Tanganyika kilipigana na Waitalia. Maana yake ni kwamba jina la kambi lilikuwa lenyewe ukumbusho wa waliofia ng'ambo kwa amri ya mfalme wa Uingereza. Ni katika kambi hiyo ndipo maasi ya askari ya Januari 1964 yalipoanzia. Baadaye kambi ikaitwa Lugalo. Kwa badiliko la neno moja, vita vya ugenini viliondolewa langoni na vita vya nyumbani vikawekwa. Na mwanajeshi wa Tanzania anayeripoti Lugalo leo anataja mahali alipouawa kamanda wa Kijerumani, lakini anapataja kwa fahari ya upande wa pili. Mnara wa Iringa unasema jambo moja na lango la Dar es Salaam linasema jingine, na yote mawili kwa kutumia tukio lile lile.

Haifai kuliacha suala la Uhehe bila ya kuligusa fuvu la Mkwawa, ingawa limeandikwa sana. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani irudishe fuvu hilo, na mwaka 1954 lilirudishwa Kalenga na Gavana Twining. Kwa madhumuni ya makala haya jambo moja latosha: kamanda mgeni alipata jiwe katika nchi aliyokuja kuishambulia, na mtawala mwenyeji, aliyefia katika nchi yake mwenyewe, alilazimika kusubiri miaka 56 ili arudi nyumbani kutoka ng'ambo.

Minara iliyofuata Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918 ilijaribu kurekebisha kasoro ya Lugalo, lakini ilirekebisha nusu yake. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, ilizinduliwa mwaka 1927, mahali ambapo kabla ya vita ilisimama sanamu ya Wissmann. Ile ya Nairobi, yenye watu watatu akiwamo mpagazi, ilizinduliwa mwaka 1928. Mabadiliko ni makubwa. Aliyesimama juu sasa si kamanda bali ni askari wa kawaida, na maandishi hayakuishia katika Kiingereza: yametiwa Kiswahili, tena kule Dar es Salaam Kiswahili hicho kiliandikwa kwa hati za Kiarabu na za Kilatini pia, kwa sababu wasomaji wengi wa wakati ule walijua za kwanza kuliko za pili. Aliyetunga maneno ya asili ni Rudyard Kipling. Yanawasifu wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanamwahidi anayeipigania nchi yake kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Ahadi hiyo ndiyo kiini cha tatizo. Imeandikwa juu ya mnara usio na jina hata moja la aliyekufa. Msomaji anaahidiwa kumbukumbu ya jina na wakati huo huo ananyimwa jina lenyewe. Wala haiwezi kusemwa kuwa Kipling hakujua uzito wa jambo hilo. Mwanawe wa pekee wa kiume, John, alipotea katika mapigano ya Loos, Ufaransa, mwaka 1915, na mwili wake haukutambulikana mpaka baba alipofariki mwaka 1936. Kipling alikuwa mshauri wa maandishi wa Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Uingereza, ambayo kanuni yake ilikuwa kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, bila ya kujali cheo. Kanuni hiyo ilifuatwa Ulaya kwa uaminifu mkubwa. Huku kwetu haikufuatwa. Ripoti iliyotolewa na tume yenyewe mwezi Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sehemu kubwa yao walikuwa wapagazi wa vita vya Afrika Mashariki.

Hapa tena Kiswahili kilifanya kazi ambayo jiwe halikuifanya. Jeshi la wapagazi liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na wapagazi wenyewe, ambao hawakuwa na haja ya kujua tahajia yake, walilitamka walivyolisikia. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina hilo. Mamia ya maelfu ya watu wameuza nyanya na kununua vitambaa ndani ya ukumbusho wa vita bila ya kujua kwamba wamo ndani yake. Mtu anaweza kuuliza kama ukumbusho usiotambuliwa ni ukumbusho. Suala hilo ni zito, na jibu lake linategemea maana inayopewa neno lenyewe. Ukumbusho umetokana na kukumbusha, kitenzi cha kutendesha: ni kitu kinachomfanya mwingine akumbuke. Kumbukumbu ni kile kinachobaki, kiwe kimemfanya mtu akumbuke au sivyo. Kariakoo basi ni kumbukumbu, lakini si ukumbusho mpaka atokee wa kueleza. Sanamu ya Nairobi ni ukumbusho, lakini haina kumbukumbu ya mtu yeyote mahususi. Wanaotumia maneno haya mawili kama visawe hupoteza tofauti yenye manufaa.

Vita hivyo vilifika Gusii mapema. Mwezi Septemba 1914 jeshi la Kijerumani lilivuka mpaka na kuingia mji wa Kisii, na tarehe 12 mwezi huo kikosi cha King's African Rifles kilipigana nalo hapo hapo. Kapteni E. G. M. Thorneycroft, afisa wa Kiingereza, aliuawa katika mapigano hayo. Kwa hiyo kamanda wa kwanza ambaye vitabu vya vita hivyo vinamtaja kuwa alifia kazini, mbali na kwao, katika nchi ya Abagusii, alikuwa mgeni. Maofisa walipoukimbia mji, watu wa Gusii waliingia wakapora, na Waingereza waliporudi waliwaadhibu vikali. Baada ya hapo ndipo wapagazi walipotafutwa kwa wingi, Gusii ikiwa miongoni mwa nchi zilizotoa watu hao.

Lakini katika masimulizi ya Gusii mapigano ya 1914 hayana nafasi kubwa kama tukio la mwezi Januari 1908, pale Otenyo Nyamaterere, akichochewa na nabii wa kike Moraa, alipomchoma mkuki ofisa Mwingereza G. A. S. Northcote. Northcote hakufa. Alipona, akaendelea na kazi, na miaka ya baadaye akawa Gavana wa Hong Kong. Kwa Ekegusii aliitwa Nyarigoti, na jina hilo lafaa kulinganishwa na Nyundo kwa sababu linafuata njia tofauti. Nyundo ni tafsiri ya tabia: jina la mgeni limetupwa na mahali pake pamewekwa sifa. Nyarigoti ni jina la mgeni lenyewe, likiwa limevishwa umbo la lugha ya Gusii hadi likafanana na la mwenyeji. Njia ya kwanza humhukumu mtu, ya pili humpokea, hata kama waliompokea ndio waliotaka kumwua. Mji nao ulipata jina kwa jinsi hiyo: Kisii huitwa Bosongo, yaani kwa abasongo, Wazungu. Hakuna mnara uliohitajika kuwakumbusha watu nani alijenga kambi pale.

Otenyo aliuawa na Waingereza, na masimulizi ya Gusii yanasema kichwa chake kilipelekwa ng'ambo. Yaonekana basi kwamba Gusii kama Uhehe inayo kumbukumbu ya aina mbili zinazopingana: mgeni aliyekuja na silaha ameandikwa, na mwenyeji aliyempinga amesimuliwa.

Tangu wakati huo mwelekeo umegeuka. Wanaotoka sasa kwenda kufia mbali ni wana wa nchi hizi wenyewe. Abagusii walikuwamo katika vikosi vya Afrika Mashariki vilivyopelekwa Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Wanajeshi wa Tanzania waliofia Msumbiji katika miaka ya 1980 wana makaburi yao Naliendele, Mtwara, kama vile wale wa Vita vya Kagera wanavyokumbukwa Kaboya. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia, ilishambuliwa, na tarehe 27 mwezi huo huo ibada ya kuwakumbuka ilifanyika katika Kambi ya Moi, Eldoret. Hesabu kamili ya waliouawa haikutangazwa na serikali wakati huo. Tarehe 7 Desemba 2017 wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, mashariki ya Kongo, wakiwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa. Majeneza yao yalirudishwa nyumbani, na majina yakasomwa. Tofauti kati ya orodha inayosomwa na hesabu isiyotolewa ni ile ile ya Lugalo, ila safari hii hakuna mkoloni wa kulaumiwa.

Inapofikiwa hatua ya kuandika jiwe, lugha ya Kiswahili inampa mwandishi nafasi nyingi, na kila nafasi ina gharama. Tuchukue kitenzi cha kifo. Kufa ni neno safi na la kweli, lakini wengi huliona kali mno kwa mtu wa heshima. Kufariki ni kutengana, na linamfaa zaidi aliyekufa kitandani. Kuuawa linasema ukweli wote, ila linamtaka msomaji aulize nani aliyeua, na hilo ndilo jeshi lisilopenda kuulizwa. Siku hizi magazeti na hotuba hupenda kusema mashujaa walioanguka. Hii ni tafsiri ya moja kwa moja ya usemi wa kigeni. Katika Kiswahili aliyeanguka huweza kuinuka, au alikosa kura, au alishikwa na kifafa. Neno halina utukufu linaodhaniwa kuwa nalo. Kufia, kwa kinyambuo chake cha kutendea, ni bora kuliko yote hayo, kwa sababu linabeba mahali na sababu kwa pamoja: alifia Somalia, alifia nchi yake. Ni ajabu kwamba neno la nyumbani lenye uwezo huo halionekani mara nyingi juu ya mawe.

Pili ni cheo cha wafu. Marehemu ni aliyerehemiwa, na ni la kila mtu. Hayati, ambalo asili yake ya Kiarabu ni uhai, limetengwa kwa desturi ya Kiswahili, hasa Tanzania, kwa viongozi wakubwa. Mtu husifiwa kwa kuitwa hai baada ya kufa. Kamanda aliyefia vitani angelistahili, ingawa katika maandishi ya Kenya halina mizizi kama Tanzania. Shahidi huchanganya maana mbili, anayetoa ushahidi na anayeuawa kwa ajili ya dini, na kwa sababu hiyo halifai katika mnara wa dola yenye watu wa imani nyingi. Shujaa ndilo lililoshinda. Kenya ina Siku ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba tangu katiba ya 2010, Tanzania inayo tarehe 25 Julai. Kushinda huko kumelichosha neno, na sasa hupewa mwanariadha, mwanasiasa na askari kwa kipimo kimoja.

Tatu ni mahali. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji, na anayefia Somalia au Kongo hakuvuka bahari yoyote. Ughaibuni linatokana na kutoonekana, kughibu, na siku hizi limekuwa la watu waliokwenda kutafuta kazi na elimu. Ugenini ni mahali ambapo mtu ni mgeni. Kwa kamanda wa jeshi neno hilo la mwisho ndilo lenye ukweli mgumu kuliko yote, maana linamkumbusha msomaji kwamba marehemu alikuwa katika nchi ya watu, kama Zelewski alivyokuwa katika nchi ya Wahehe na Thorneycroft katika nchi ya Abagusii. Sababu za kwenda kwao hazifanani, wala haki ya kuwapo kwao hailingani, na mnara hauna nafasi ya kulieleza hilo. Lakini neno likiwa sahihi, swali angalau linabaki wazi.

Pale Birongo basi mwandishi wa jiwe ana lugha tatu mbele yake. Kiingereza ndicho kinachochaguliwa aghalabu, kwa mazoea ya ofisi. Kiswahili kingesomwa na askari wa makabila yote waliotumikia chini ya kamanda huyo, ambao ndicho walichozungumza naye kambini. Ekegusii kingesomwa na waliomzaa. Hakuna sababu ya kanuni inayozuia zote tatu zisiwepo, kwani Dar es Salaam ya mwaka 1927 iliweza lugha mbili kwa hati mbili. Linalotatiza zaidi ni jina. Jeshi humwandika mtu kwa namba, cheo, herufi za kwanza na jina la mwisho. Katika Gusii jina, yaani erieta, lina kazi nyingine: humfunga mtu na baba yake, nyumba yake na ukoo wake, na aliyefariki hurithiwa jina na mtoto anayezaliwa baadaye katika ukoo huo. Mtoto wa namna hiyo atakaposimama mbele ya jiwe lenye namba na herufi mbili hataweza kujisoma hapo. Likiandikwa jina zima, pamoja na la baba na la nyumba, mtoto huyo ataweza kulisoma mwenyewe, bila ya kusubiri mtu wa kumweleza.